Mpe Mtoto Asiyeona Mswaki Mkononi Mwake



Mwezi huu naomba tuzungumze juu ya meno ya mtoto asiyeona. Katika miaka mingi ya kazi yangu ya uuguzi nimewapokea watoto wengi wa namna hiyo. Huletwa kwa homa, kuhara au vidonda, lakini kinywa hakuna anayekitazama. Siku kinapotazamwa, mara nyingi tumekwisha chelewa.

Bibi mmoja alimleta mjukuu wake wa miaka tisa. Shavu lilikuwa limevimba, na mtoto hakuwa amelala kwa siku tatu. Magego mawili ya chini yalikuwa yameoza hadi mizizini, ikabidi yang'olewe. Nayo yalikuwa ya kudumu, hayataota mengine. Bibi akalia, akaniambia, "Sista, mimi humsafisha mwenyewe kila asubuhi, maana yeye haoni." Nilimwamini. Lakini nilipompa yule mtoto mswaki, aliushika upande wa nyuzi, akauliza mpini uko wapi. Miaka tisa, na hajawahi kushika mswaki kwa mkono wake! Bibi alikuwa akimpangusa meno ya mbele tu, yale anayoyaona yeye.

Wazazi wapendwa, upofu hauozeshi meno. Meno huozeshwa na utando wa vijidudu ambao hugeuza sukari kuwa asidi, na asidi hiyo hula jino kidogo kidogo. Jambo hilo ni lile lile kwa mtoto anayeona na asiyeona. Tofauti ni kwamba mwenye kuona huona wengine wakipiga mswaki, akaiga. Asiyeona haigi kwa macho. Asipofundishwa, hajui.

Na hapa nakiri kosa langu. Kwa miaka mingi nilikwenda mashuleni na mswaki wangu mkubwa wa mfano, nikasimama mbele ya darasa na kusema, "Tazameni hapa, fanyeni kama mimi." Siku moja baada ya somo mwalimu akanionyesha msichana aliyekaa kimya dawati la nyuma, akasema kwa upole, "Huyu hakupata kitu." Niliona haya. Nilikuwa nimemfundisha kila mtoto isipokuwa yule aliyehitaji zaidi.

Tangu hapo maoni yangu ni haya: mtoto asiyeona asipigiwe mswaki maisha yake yote, bali afundishwe kuupiga mwenyewe. Mikono yake inaweza. Watoto hawa husoma maandishi ya nukta nundu, na herufi nzima hutoshea chini ya ncha ya kidole. Kidole kinachotofautisha nukta sita ndogo namna ile kitashindwaje kutofautisha jino na ufizi?

Mafundisho yana hatua tatu: asikie, aguse, atende.

Kwanza, asikie. Mwambie unachotaka kufanya kabla hujamgusa mdomo. Mtoto asiyeona akiingiziwa kitu kinywani ghafla hushtuka, na kesho atakataa. Mpe dawa ya meno ainuse na aionje. Tumia maneno yaliyo wazi. Usiseme "pale" wala "hivi", sema "juu, upande wa mkono wako wa kulia, nyuma kabisa."

Pili, aguse. Anawe mikono, kisha apitishe kidole kwenye meno yake, moja baada ya jingine, akihesabu. Mwambie ayafahamu meno ya mbele yaliyo makali, na magego mapana yenye mabonde ambamo chakula hukwama. Aguse na mswaki pia, ajue mpini na nyuzi. Fungia mpini wake uzi au mpira, autambue kati ya miswaki ya nyumba nzima, na uukae mahali pamoja siku zote. Dawa aikamue huku kidole kimoja kikiwa juu ya nyuzi, hapo atajua imefika na imetosha. Kwa mtoto wa miaka mitatu hadi sita inatosha kiasi cha punje ya njegere, na aliye chini ya hapo kiasi cha punje ya mchele.

Tatu, atende. Simama nyuma yake. Siku za kwanza mkono wake uwe juu ya wako, asikie unavyokwenda. Baadaye mkono wako uwe juu ya wake. Mwisho uachie. Njia iwe ile ile kila siku: aanze juu kulia kwa nje, azunguke hadi kushoto, arudi kwa ndani, kisha sehemu za kutafunia, halafu chini vivyo hivyo. Ahesabu hadi kumi kila mahali, taratibu, bila kusugua kwa nguvu. Jumla ichukue kama dakika mbili, asubuhi na usiku kabla ya kulala. Ateme povu, wala asisukutue kwa maji mengi, maana dawa iliyobaki huendelea kulinda meno.

Atajuaje kama meno yametakata? Ulimi ndio kioo chake. Apitishe ulimi juu ya meno. Yakiwa laini, yamesafishika. Yakikwaruza au yakiwa kama yana manyoya, arudie. Na kwa kuwa haoni damu, mfundishe kukuambia akisikia ladha ya chumvi au ya chuma wakati wa kupiga mswaki. Mara nyingi hiyo ni dalili ya ufizi unaovimba.

Wapo watoto wenye uoni hafifu, wakiwamo wengi wenye ualbino. Hawa wapewe mswaki wa rangi kali, wapigie penye mwanga usiowachoma macho, na kugusa wafundishwe vile vile.

Sisemi kwamba mzazi aache kabisa. Mtoto yeyote aliye chini ya miaka saba au minane bado mkono wake haujakomaa. Basi aanze yeye, umalizie wewe. Na hata akikua, mara moja kwa juma mfungue kinywa penye mwanga, utazame hadi nyuma. Gego la kwanza la kudumu huota karibu na miaka sita, nyuma ya meno ya utoto, bila jino lolote kung'oka. Wazazi wengi hudhani ni la utoto na kuliacha lioze. Ukiona doa jeusi au tundu, usingoje maumivu. Akivimba shavu na kuwa na homa, mlete hospitali siku hiyo hiyo.

Jambo jingine ni huruma ya pipi. Wageni wakimkuta mtoto asiyeona humwonea huruma wakampa pipi, jirani naye biskuti, shangazi naye soda. Kila mara sukari inapoingia, asidi hutengenezwa upya. Tuwaombe ndugu na jirani wamletee embe au karanga, au wakae naye wazungumze.

Baadhi ya wazazi huniambia, "Sista, asubuhi nina watoto watano na shamba, muda huo nitautoa wapi?" Nawaelewa, nami nimelea. Lakini majuma machache ya subira ni mepesi kuliko usiku mmoja wa jino. Tena mtoto huyu hatakaa nawe siku zote. Shule za wasioona kama Buigiri mkoani Dodoma na Irente kule Lushoto ni za bweni. Huko mama hayupo wa kumshika mkono kila asubuhi, na mlezi mmoja ana watoto wengi. Atakayekwenda na ujuzi wake atakwenda na meno yake.

Yule mjukuu alirudi kliniki baada ya miezi kadhaa. Bibi alitaka kunieleza habari zake, mtoto akamkatiza: "Bibi, ngoja, nionyeshe mwenyewe." Akatoa mswaki wenye uzi mfukoni, akaanza juu kulia, akihesabu. Magego mawili hatayapata tena, lakini mengine anayalinda kwa mkono wake mwenyewe.