Urithi wa klasi na jedwali lenye mashimo

Leo tuongee urithi, na sio ule wa mashamba. Katika Java au Python klasi hurithi nyingine bila shida. Hifadhidata haijui mzazi wala mtoto, inajua majedwali tu.

Martin Fowler alizieleza njia tatu katika kitabu chake cha 2002: jedwali moja kwa ukoo wote, jedwali kwa kila klasi, au kila mtoto na jedwali lake kamili, mzazi hana. Hiyo ya tatu siitaki. Ukitaka malipo yote ya leo unaunganisha kwa UNION, na ufunguo wa nje hauna pa kuelekea kwa sababu jedwali la "malipo" halipo.

Chukua mfumo wa Sacco. Mzazi ni Malipo. Watoto ni MalipoMpesa, MalipoHundi na MalipoTaslimu. JPA usipoiambia kitu huwaweka wote katika jedwali moja. Rails vilevile, na safuwima ya type inasema huyu ni mtoto yupi. Ni haraka, hakuna JOIN. Lakini taslimu haina nambari ya muamala, kwa hiyo safuwima hiyo lazima ikubali kuwa tupu. NOT NULL imekwenda! Nimeuona mfumo mmoja (jina naliweka kapuni) wenye malipo ya M-Pesa yasiyo na nambari ya muamala. Mwanachama akija kudai alilipa, karani atamwonyesha nini?

Django hukupa jedwali kwa kila klasi ukirithi modeli ya kawaida. NOT NULL inarudi, ila kumsoma mtoto ni JOIN kila mara. Kwa ukoo mdogo kama huu mimi nabaki na jedwali moja, kisha naongeza hii:

CHECK (aina <> 'MPESA' OR nambari_ya_muamala IS NOT NULL)

Safuwima ya aina nayo iwe NOT NULL, maana CHECK ikikutana na NULL hupitisha tu. PostgreSQL huitekeleza vizuri. MySQL kwa miaka mingi iliisoma CHECK na kuipuuza kimyakimya (ajabu, lakini kweli) hadi toleo 8.0.16 la 2019, kwa hiyo angalia toleo lako kwanza.

Watoto wakifika kumi, kila mmoja na safuwima zake nane, gawa majedwali. Na kama mtoto anatofautiana na mzazi kwa jina tu, klasi ya pili ni ya nini?