Kokoto Zina Bei, na Shimo Nalo Lina Bei

Atazamaye Kariakoo kutoka viwanja vya Mnazi Mmoja, katika jiji la Dar es Salaam, huona majumba ya ghorofa yaliyosimama pahala pa nyumba za udongo za zamani. Wengi katika wanachama wetu waendao huko kwa biashara huyasifu majumba hayo, nasi hatuwakatazi. Lakini zege haliteremki kutoka mbinguni. Kila ghorofa inayopanda Kariakoo ni shimo linalozama pahala pengine: katika machimbo ya mawe ya Kunduchi, katika mito ya kaskazini ya jiji inayochotwa mchanga, na mbali zaidi huko Lugoba, katika barabara ya Chalinze iendayo Tanga.

Basi twauliza: shimo hilo hulipiwa na nani? Mnunuzi amekwisha kulipa bei ya kokoto. Mwenye lori amekwisha kupokea nauli yake. Hazina nayo hupata fungu lake, kwani Sheria ya Madini ya Bara ya mwaka 2010 iliweka mrabaha wa asilimia 3 kwa vifaa vya ujenzi. Lakini mrabaha ni bei ya kitu kilichoondoka. Si bei ya jeraha lililobaki. Anayelilipia shimo ni jirani: maji yakituama na mbu wakazaliana, ukingo wa shamba lake ukiporomoka, na watoto wakienda kuogelea pasipo na mtu wa kuwatazama.

Asije mtu akasema kwamba haya ni mambo ya Bara na sisi wa visiwani hayatuhusu. Nani asiyejua Pangatupu na Donge Chechele, na namna mchanga ulivyochotwa katika ardhi iliyokuwa ikilimwa? Unguja haifiki kilomita za mraba 1,700, na Pemba haifiki 1,000. Bara ni pana, na mkulima aliyeharibikiwa huweza kuhamia mbele. Sisi mbele yetu ni bahari. Tena sheria ya madini ya Bara haivuki maji. Zanzibar ina sheria yake ya mazingira ya mwaka 2015. Kwa hivyo ulinzi wa ardhi hii ni jukumu la watu wa hapa, na hapana wa kusukumiwa.

Wahenga walisema ahadi ni deni. Aombaye ruhusa ya kuchimba huahidi kuirejesha ardhi katika hali njema, na ahadi hiyo huandikwa vizuri kwenye karatasi. Lakini deni lisilo na rehani hulipwa kwa hiari ya mdaiwa. Kokoto zikimalizika, mchimbaji hana tena sababu ya kurudi. Ndiyo maana mataifa mengi yamekata shauri kwamba fedha za kuirejesha ardhi, au barua ya benki ya kuzidhamini, zipatikane kabla jembe la kwanza halijaingia ardhini. Sheria ya makaa ya mawe ya Marekani ya mwaka 1977 inataka dhamana iwe ya kutosha kuimaliza kazi yote hata kama itafanywa na Serikali yenyewe, na isipungue dola 10,000. Jirani zetu wa Kenya, katika sheria yao ya mazingira ya mwaka 1999, waliitaja amana ya namna hiyo: atendaye wema hurejeshewa, na avunjaye hupokonywa.

Jambo kubwa ni hesabu. Mchimbaji akiulizwa kazi ya kurejesha itagharimu kiasi gani, atataja gharama yake mwenyewe, naye ana katapila papo hapo na dereva anayemlipa kwa mwezi. Serikali itakayokuja baada yake haitakuta katapila. Itabidi ikodi, isafirishe, imlipe mkandarasi faida yake, iweke msimamizi, na ilipe kwa bei ya siku hiyo wala si ya siku ruhusa ilipotolewa. Hesabu ya haki ni hesabu ya mgeni aliyekodiwa.

Tuchukue mfano wa shimo la eka moja, yaani mita za mraba 4,000 na ushei, lenye kina cha mita 3. Kulijaza kwataka zaidi ya mita za ujazo 12,000 za kifusi. Ikiwa lori moja huchukua mita 10, hizo ni safari 1,200. Na kifusi hicho kitatoka wapi, ila kwa kufungua shimo jingine? Kwa hivyo aghlabu shimo halijazwi. Kingo zake hulazwa, maji yakapewa njia, na udongo wa juu ukarejeshwa. Udongo wa sentimita 30 juu ya eka hiyo ni mita za ujazo 1,200, ndiyo safari 120. Mchimbaji aliyeuweka kando tangu siku ya kwanza huusukuma tu. Aliyeuuza hana budi kuununua. Dhamana sharti izitofautishe hali hizi mbili.

Wala asidhani mtu kwamba kazi hii haiwezekani. Kampuni ya saruji ya Bamburi, karibu na Mombasa, ilianza kazi mwaka 1954 ikaacha jangwa la mawe meupe. Mwaka 1971 bwana René Haller alijaribu humo aina 26 za miti, zikaishi 3 tu, mvinje na mnazi zikiwamo. Majani ya mvinje yalianguka, majongoo yakayala, na udongo ukazaliwa upya. Leo pale ni bustani. Lakini ilichukua miaka, na hilo ni funzo: dhamana isirejeshwe siku miche inapopandwa, bali irejeshwe kwa mafungu, na fungu la mwisho lingoje mpaka miti ishike.

Hatuwasahau wanyonge wapondao mawe kwa nyundo. Kumdai mama wa Kunduchi barua ya benki ni kumfukuza kazini. Huko Ontario, Kanada, hukatwa ada kwa kila tani, na sehemu yake huenda katika mfuko wa kurekebisha mashimo yaliyotelekezwa. Ada ndogo kwa kila lori yaweza kufanya kazi hiyo hapa petu, kwa sharti moja: mfuko uwe mbali na fedha nyingine, na hesabu zake zibandikwe hadharani kila mwaka. Mali bila daftari hupotea bila khabari.

Twaitaka Serikali, basi, isitoe ruhusa ya kuchimba mchanga, kifusi wala kokoto kabla dhamana haijawekwa. Iipime dhamana hiyo upya kila shimo linapopanuka. Na itangaze majina ya mashimo yote ya Unguja na Pemba pamoja na fedha iliyowekwa kwa kila moja. Na nyinyi wanachama, katika kila tawi lililo na shimo, nendeni mkaulize kiasi hicho kwa adabu, na jibu mtakalopewa mliandike.