Tuzo za michezo ya video: Lubumbashi inangoja nini?

Jioni, katika komini za Katuba, Kenya au Kamalondo mjini Lubumbashi, si vigumu kupata chumba chenye televizyo mbili tatu, PlayStation ya zamani na benchi la mbao. Vijana hulipa franga chache kwa mechi moja. Anayeshinda anabaki kwenye kiti, anayeshindwa anampa mwenzake maneti na kurudi kwenye foleni. Umeme wa SNEL ukikatika mechi ikiwa mbili kwa mbili, kelele husikika mpaka barabarani, na mwenye chumba anakimbilia jenereta kabla wateja hawajadai pesa zao.

Humo karibu wote wanacheza mchezo mmoja: mpira wa miguu wa kampuni ya Marekani iitwayo EA, ule ambao watu wanaendelea kuuita FIFA hata baada ya kampuni kuubadilisha jina mwaka 2023. Kampuni hiyohiyo, tarehe 23 Aprili 2024, ilitoa mchezo mwingine ambao ungeweza kuwagusa vijana hao zaidi. Unaitwa Tales of Kenzera: ZAU, na anayeucheza anaweza kuchagua wahusika waongee Kiswahili tangu mwanzo mpaka mwisho.

Hadithi yake inaanza na kilio. Kijana Zuberi amefiwa na baba, na anafungua kitabu ambacho baba alimwachia. Ndani ya kitabu anamkuta Zau, mganga kijana, ambaye naye amefiwa na baba. Zau anamwita Kalunga, mwenye mamlaka juu ya kifo, na kufanya naye mapatano: atamletea roho tatu kubwa zilizokataa kuondoka duniani, na Kalunga atamrudishia baba yake. Wazee wa Katanga hawatahitaji mtu wa kuwafasiria jina la Kalunga. Linajulikana katika lugha nyingi za Kibantu, Angola, Kongo na Zambia, mara kama Mungu, mara kama bahari, mara kama kuzimu.

Aliyeongoza kazi hiyo ni Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, mwanzilishi wa studio ya Surgent. Alimpoteza baba yake, na mchezo ulizaliwa na msiba huo. Tarehe 8 Aprili 2025, mjini London, chuo cha BAFTA, ambacho hutoa tuzo za filamu, televizyo na michezo ya video, kiliupa mchezo huo tuzo ya kazi inayovuka mipaka ya burudani. Tuzo kubwa ya mwaka ilikwenda kwa Astro Bot, kazi ya Wajapani. Lakini kwa watu wanaoongea Kiswahili, habari ya usiku ule ilikuwa ile ya kwanza, na Lubumbashi ilipita kimyakimya.

Inafaa kusimama kidogo kwenye namna tuzo hizo zinavyotolewa, maana ndipo kuna somo. BAFTA ilianza kutuza kazi za kompyuta mwaka 1998, na baadaye ikaipa michezo ya video sherehe yake yenyewe. Wanaopiga kura ni watu wa ufundi wenyewe: waandishi wa programu, wachoraji, watunzi wa muziki, waigizaji wa sauti. Kwa hiyo kuna tuzo ya muziki peke yake, ya hadithi peke yake, ya uchoraji peke yake, na fundi wa sauti anajua kwamba waliomchagua wamesikia kazi yake kwa masikio ya mafundi. Marekani kuna The Game Awards, ambazo Geoff Keighley alizianzisha mwaka 2014. Huko wanaoamua zaidi ni wanahabari wa michezo, kura yao ina uzito wa asilimia 90, na wananchi wanabaki na asilimia 10. Zau ilitajwa huko pia, mwaka 2024, kati ya michezo yenye ujumbe kwa jamii, ila haikushinda. Utaratibu wa London na ule wa Marekani vyote vina kasoro, na kila mwaka watu wanagombana juu yake. Jambo moja halina ugomvi: anayepanda jukwaani ni mtu aliyetengeneza kitu.

Hapa Kongo jambo hilo si la kawaida sana. Wakaaji wa Lubumbashi wamezoea sherehe za «mérite» katika hoteli, zenye kitambaa chekundu, waimbaji na meza za mbele. Mwisho wa usiku, trofe zinakuwa zimekwenda kwa mheshimiwa, kwa mkurugenzi na kwa mfadhili aliyelipa meza. Msanii amealikwa kucheza muziki wakati wageni wanakula. Tuzo ya michezo ya video ikizaliwa kwa mtindo huo, afadhali isizaliwe.

Na bado mji huu una haki ya kuwa na tuzo ya kweli, maana haujaanza jana kuumba picha na hadithi. Mwaka 1946 Pierre Romain-Desfossés alifungua hapa karakana ya wachoraji iliyokuja kuitwa Hangar, na kutoka humo zikatoka kazi za Pilipili Mulongoy, Bela na Mwenze Kibwanga. Baadaye Tshibumba Kanda Matulu alichora historia ya inchi nzima, picha baada ya picha. Mwaka 2008 Sammy Baloji na wenzake walianzisha Rencontres Picha, ambazo leo ni Biennale ya Lubumbashi. Fiston Mwanza Mujila, mzaliwa wa mji huu, alipata tuzo ya Etisalat ya mwaka 2015 kwa riwaya yake Tram 83. Baloji, mwanamuziki aliyezaliwa hapa pia, alikwenda Cannes mwaka 2023 na filamu yake Augure, akarudi na tuzo katika sehemu ya Un Certain Regard. Foto, riwaya, filamu: milango hiyo Lubumbashi imekwisha kuifungua. Kila mmoja wa michezo ya London una ndani yake mchoraji, mwandishi, mwanamuziki na mwigizaji. Kinachoongezeka ni mwandishi wa programu, na hao ESIS Salama na Chuo Kikuu cha Lubumbashi wanawafundisha kila mwaka. Wengi wao wakimaliza wanatafuta kazi ya kutunza kompyuta za kampuni ya madini.

Madini yenyewe yamo ndani ya mchezo, kwa maana ya moja kwa moja. Betri za simu na za maneti zisizo na waya hutumia kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka Haut-Katanga na Lualaba. Vijana wa Katuba wanaposhika maneti wanashika udongo uliotoka karibu na kwao, umezunguka dunia na kurudi ukiwa na bei ambayo mchimbaji hawezi kulipa. Watu wa mbali waliona hadithi hiyo kabla ya watu wa hapa kuisimulia. Mwaka 2011 Mwitaliano Paolo Pedercini alitengeneza Phone Story, mchezo mdogo wa simu ambao sehemu yake ya kwanza inaonyesha watoto wa Kongo wakichimba koltani chini ya bunduki. Apple iliuondoa katika duka lake mara tu ulipotangazwa. Ulikuwa mchezo wa hasira ya haki. Lakini mtoto wa Kongo ndani yake hana jina, hana mama, hana mchezo anaoupenda, na hilo mtu wa Lubumbashi angeliona haraka kuliko Mwitaliano yeyote.

Wapo watakaosema huu si wakati. Goma iliangukia mikononi mwa M23 mwezi wa kwanza mwaka 2025, Bukavu mwezi wa pili, familia zimetawanyika, na mtu anakuja kuongea juu ya michezo? Pingamizi hilo lina uzito na halipaswi kudharauliwa. Ila liangaliwe pamoja na kazi iliyotuzwa London. Zau hatafuti dhahabu wala kombe. Anatembea kutoka jangwa mpaka msitu akibishana na kifo, na mchezo unamwachia muda wa kukaa chini ya mbuyu na kusema anavyojisikia. Katika inchi ambako watoto wengi wamezika mzazi bila hata kilio cha siku tatu, kazi kama hiyo isidhaniwe kuwa anasa. Kama ingetengenezwa na mtu aliyekimbia kutoka Kivu na kufika Lubumbashi, ingesema mambo ambayo studio ya Uingereza haiwezi kuyajua.

Ingesemwa pia kwa lugha nyingine. Kiswahili cha Zau ni kile cha Afrika Mashariki. Kijana wa Kamalondo atakielewa, lakini hatajisikia yumo. Katiba ya mwaka 2006 inahesabu Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba, na mpaka leo Kiswahili cha Lubumbashi, kile cha sokoni na cha ndani ya taxi, ni nadra kukutwa kwenye kioo cha simu isipokuwa katika ujumbe wa WhatsApp.

Kuna jambo la kuonya, na ndilo gumu zaidi. Tuzo hailishi studio. Mwezi wa saba mwaka 2024, miezi mitatu tu baada ya Zau kutoka, Surgent iliachisha kazi watu zaidi ya kumi. Mwezi wa kumi timu yake ya michezo iliyobaki iliwekewa notisi kwa kukosa fedha. Kwa hiyo trofe ya BAFTA ilifika baada ya baadhi ya waliofanya kazi kuwa wamekwisha kuondoka. Ikiwa hayo yanatokea Uingereza, kwa mchezo uliotolewa na kampuni kubwa, Lubumbashi isidanganyike na picha za jukwaani.

Kameruni ilichukua njia nyingine. Olivier Madiba na wenzake wa Kiro'o Games, mjini Yaoundé, waliomba pesa kwa watu wa kawaida, wakauza sehemu ndogondogo za kampuni yao, na mwaka 2016 wakatoa Aurion, mchezo wao mkubwa wa kwanza. Addis Ababa, studio ya Qene ilichukua gebeta, mchezo wa kale wa mashimo na kete, ikauweka kwenye simu. Kisolo ya hapa ni ndugu wa gebeta, na iko palepale wazee walipoiacha.

Tuzo inayofaa Lubumbashi, basi, ingekuwa ndogo na ya kazi. Isiwe na hoteli. Iwe na majaji watano au sita waliokwisha kutengeneza kitu: mchoraji, mwandishi wa programu, mwanamuziki, mwalimu wa Beaux-Arts, na mwenye chumba cha PlayStation, ambaye anajua kuliko wote ni lini mtoto anachoka na mchezo. Michezo iwe ya simu ya kawaida, ifanye kazi bila intaneti, maana megabaiti ni ghali, na angalau sehemu ya maneno iwe katika Kiswahili kama kinavyosemwa hapa. Programu za bure kama Godot zinatosha kuanzia, na hazihitaji kompyuta ya bei. Mshindi asipewe bahasha na trofe, apewe miezi ya kufanya kazi: mahali penye umeme, kompyuta, na posho ya timu nzima mpaka mchezo wa pili umalizike. Waliofanya kazi watajwe wote kwa majina, si kiongozi peke yake.

Pesa zitatoka wapi? Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inazidai kampuni zitenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii zinazozunguka migodi. Fedha hizo zina kazi za haraka, maji, shule na vituo vya afya, na hakuna mwenye akili atakayeomba ziende kwenye sherehe. Lakini chumba cha kompyuta chenye sola, kinachofundisha vijana wa mtaa mchana na kuwaachia watengenezaji usiku, kinaingia kabisa katika neno maendeleo. Wizara ya jimbo inayoshughulikia vijana na utamaduni inaweza kulisema hilo mezani bila kutoa franga hata moja.

Na haipaswi kungojea wizara. Picha ina uzoefu wa kukusanya watu na kuleta macho ya dunia Lubumbashi. Toleo la mwaka 2022 la Biennale, lenye jina ToxiCity, liliongea juu ya sumu ya mji wa madini, mada ambayo mchezo wa video ungeibeba vizuri sana, maana mchezaji angelazimika kuamua mwenyewe achimbe, auze au aondoke. ESIS ina wanafunzi na kompyuta. Wakikubaliana kuhusu meza moja, simu kumi na michezo kumi iliyotengenezwa na wanafunzi, toleo la kwanza linaweza kufanyika mwaka huu, na majaji wakaanza na wale vijana wa benchi la Katuba, waambiwe waache FIFA kwa saa moja tu na kusema wazi ni mchezo gani kati ya hiyo kumi wangerudi kulipia kesho.