Mfupa wa Taya: Tuulize Umetoka Wapi



Ndugu zetu katika Uislamu, hapa Juba si ajabu kuona mtu mzima hana meno ya mbele ya chini. Baadhi ya Wadinka na Wanuer walitolewa meno hayo utotoni kwa mila, na miongoni mwa waliohamia Nebraska, Marekani, wapo waliotafuta kurudishiwa. Wengine wetu hung'olewa jino bovu, tukalisahau pengo.

Lakini mfupa uliokuwa ukilishika jino huanza kupungua. Katika mwaka wa kwanza pengo laweza kupoteza kiasi cha nusu ya upana wake. Ndiyo maana anayetaka jino la kupandikiza, yaani skrubu ya titani inayoshikana na mfupa, pengine huambiwa ajengewe taya kwanza. Daktari hutia chembechembe za mfupa, hufunika kwa utando, kisha husubiriwa miezi kadhaa.

Je, yajuzu? Tunaona haya ni matibabu, si kubadili maumbile kwa ajili ya urembo. 'Arfajah bin As'ad (Radhiya Allaahu 'anhu) alikatwa pua katika vita vya Kulaab. Aliweka pua ya fedha ikatoa harufu, na Mtume (SAW) akamwamuru aweke ya dhahabu. Wameipokea Abu Daawuud na At-Tirmidhiy.

Linalotutia wasiwasi ni kutouliza. Mfupa huo waweza kuwa wa mgonjwa mwenyewe, wa maiti, wa ng'ombe, wa nguruwe, au uliotengenezwa kwa madini ya kalsiamu. Utando nao mara nyingi hutokana na nguruwe au ng'ombe. Wanavyuoni wamekhitilafiana juu ya kitu kilichogeuka kabisa asili yake, lakini penye badala isiyo na shaka, kwa nini tuingie kwenye shaka? Basi kabla ya kukalia kiti cha daktari, tumuulize: hiki kimetokana na nini? Wala si utovu wa adabu, ni haki ya mgonjwa. Mwenye kisukari aseme, na mvutaji sigara aache, kwani vyote viwili huchelewesha kupona.

Nanyi wazazi, jino linalozibika lisingolewe. Ikibidi kung'oa, ulizeni siku hiyo hiyo namna ya kuuhifadhi mfupa. Kulinda ni rahisi kuliko kujenga upya.

Wallaahu A'lam.