Mfundishe Kuanguka Kabla ya Kumfundisha Kukimbia



Mama mmoja mkazi wa Dodoma ameniletea swali ambalo naamini linawagusa wazazi wengi. Mwanawe wa miaka 13 alinunuliwa na mjomba wake viatu vya magurudumu. Siku chache baadaye aliingia navyo barabarani bila kofia wala kinga yoyote, akashika nyuma ya bajaji ili avutwe. Bajaji ilipofunga breki, kijana alirushwa, akatanguliza mkono na kuvunjika mfupa karibu na kiganja. Plasta imekwisha kutolewa, naye anavidai viatu vyake. Baba anataka vichomwe moto. Binti yao wa miaka 10 anauliza kama naye ataruhusiwa kujifunza. "Nikiwaruhusu," anauliza mama huyo, "nitakuwa nimewatia watoto wangu katika maangamizi?"

Dada yangu, hofu yako ina msingi. Qur'an Tukufu, katika Suratul Baqarah aya ya 195, inatukataza kujitupa kwa mikono yetu katika maangamizi. Hata hivyo, dini yetu haikuukataza mwili kucheza. Mtume (S.A.W.) alishindana mbio na mkewe, Bibi Aisha (R.A.), na habari hiyo imehifadhiwa katika vitabu vya Hadithi. Tuulize basi: ni nini hasa kilichomvunja mkono kijana huyu? Ni barabara ya magari, ni bajaji aliyoishika, ni mwili usio na kinga, na ni kukosa mtu wa kumfundisha. Viatu vilikuwa shahidi tu.

Wapo vijana wanaosema kuwa kofia ngumu ni ya waoga, na kwamba Allah ndiye Mlinzi. Naam, Allah ndiye Mlinzi. Lakini nani alimtegemea Allah kuliko Mtume wetu? Naye aliingia Makka siku ya ufunguzi, mwaka wa 8 Hijria, akiwa na kofia ya chuma kichwani. Na mtu aliyemuuliza kama amfunge ngamia wake au amwache na kutawakali, alielekezwa amfunge kwanza. Kuvaa kinga, basi, ni sehemu ya kutawakali.

Upo mchezo uitwao rola dabi, ulioanzia Chicago, Marekani, mwaka 1935, na ambao leo huchezwa zaidi na wanawake. Timu mbili, kila moja ikiwa na wachezaji watano uwanjani, huzunguka njia ya duara wakiwa juu ya magurudumu. Mmoja wa kila timu hutafuta pointi kwa kuwapita wapinzani, na wenzake humzuia mpinzani kwa mabega na nyonga. Ndugu zetu wa Cairo, Misri, walipata timu yao mwaka 2012, na baadhi ya wachezaji wake walivaa hijabu. Anayeutazama atadhani ni mchezo wa watu wasiojali maisha yao. Kumbe hakuna anayekanyaga uwanja bila kofia ngumu, kinga ya meno, na kinga za viwiko, za vifundo vya mikono na za magoti. Mgeni haruhusiwi kugongana na mtu mpaka athibitishe kwamba anajua kusimama, kuanguka na kuinuka. Ikiwa wenye kugongana kwa makusudi huanza na somo la kuanguka, mtoto wetu ataanzaje na bajaji?

Somo lenyewe si gumu. Siku ya kwanza mtoto avae viatu juu ya majani au zulia, mahali ambapo magurudumu hayazunguki upesi, ajifunze kusimama tu. Akunje magoti kama anayetaka kuketi, kwa sababu anayesimama wima huanguka kinyumenyume, na huko kisogo ndicho hutangulia. Anapohisi kuyumba, ajishushe chini, aangukie kinga za magoti akielekea mbele, wala asinyooshe mkono kuizuia ardhi. Vidole avikunje ngumi, ili mwenzake asivipite kwa magurudumu. Kisha ainue goti moja, aweke mguu chini na kusimama. Arudie hayo mpaka yawe mazoea. Baada ya hapo ndipo afundishwe kusogea, na kabla ya kuongeza kasi ajue kufunga breki.

Kinga za vifundo vya mikono msizidharau. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1996 ulionyesha kuwa hatari ya kuumia kifundo cha mkono kwa asiyezivaa ilikuwa takriban mara 10 ya aliyezivaa. Kofia ikae sawa juu ya paji la uso, si kisogoni, na mkanda wake ufungwe. Mkinunua ya mitumba, ikagueni, na iliyowahi kupata pigo kubwa isitumike tena. Kama fedha zinatosha viatu peke yake, basi fedha hazijatosha.

Hapa kwetu Dodoma pana jambo la ziada. Upepo wetu hauchoki kumwaga mchanga juu ya lami na sakafu. Gurudumu dogo likikutana na kokoto husimama ghafla, na mwili huendelea na safari. Tafuteni uwanja wa saruji uliozungushiwa ukuta, wa nyumbani au wa shule kwa ruhusa ya wenyewe, na ufagiwe kila mara kabla ya mazoezi. Mtu mzima awepo. Mazoezi yaishe kabla ya adhana ya Magharibi, kwani giza ni hatari na Swala ina wakati wake.

Binti naye asinyimwe. Apatiwe mahali pa stara, avae suruali pana chini ya gauni lisilofika kwenye magurudumu. Mtandio wake uwe mwepesi, usiwe na pini, na ncha zake zifichwe ndani ya nguo. Kofia ikae juu yake bila kucheza.

Kwako baba, nakuomba usivichome viatu. Vifungie kabatini mpaka mambo mawili yatimie: daktari aseme kwamba mfupa umekomaa, kwani kutoka plasta si kupona kabisa, na kinga zote zipatikane. Siku hiyo ikifika, uwe wewe wa kumshika mwanao mkono. Kijana aliyekatazwa bila kufundishwa atajifunza kwa siri, na barabara itakuwa mwalimu wake tena.

Allah atuhifadhie watoto wetu, na atujaalie kuutekeleza wajibu wetu kwao. Aamin.