Ukijua hesabu, meza hukufukuza: somo kwa vijana wetu wa Garsen

Wiki iliyopita nilikuwa nimeketi kwenye kibanda cha chai hapa Garsen nikisubiri gari la Malindi. Kijana mmoja ninayemjua tangu akiwa madrasa akaja kunisalimu, lakini macho yake hayakutoka kwenye simu. Kiooni kulikuwa na kile kindege kinachopaa huku namba zikipanda. Ukitoa pesa zako kabla hakijatoweka, umekula. Ukichelewa, umeliwa.

Nikamwambia, "Mwanangu, hiyo ni kamari."

"La, ami," akanijibu kwa adabu. "Kamari ni kubahatisha. Mimi napiga hesabu." Akanifungulia daftari lililojaa namba, kurasa kwa kurasa, za kila safari ya ndege tangu mwezi uliopita. Alikuwa ameuza mbuzi wawili apate karo ya chuo cha ufundi. Mbuzi wa kwanza ameshaingia kwenye simu. Pesa za wa pili bado anazo, na alikuwa akizitazamia kumrudishia yule wa kwanza.

Sikumcheka. Hoja yake inastahili jibu, kwa sababu upo mchezo mmoja wa kamari ambao hesabu huushinda kweli. Na vile wenye kasino wanavyomtendea anayejua hesabu hiyo ndivyo vinavyotufunulia biashara hii ni ya namna gani.

Mchezo huo ni wa karata, huitwa blakijeki, yaani ishirini na moja. Unacheza dhidi ya kasino, na mwenye kukaribia 21 bila kuipita ndiye mshindi. Siri yake ni kwamba karata zilizokwisha tolewa hazirudi mpaka zichangwe upya. Kwa hivyo karata ndogo zikitoka nyingi, zinazobaki ni za kumi, za picha na ree, na hizo humfaa mchezaji. Anayehesabu huongeza moja kichwani kila inapotoka karata ndogo, hupunguza moja inapotoka kubwa. Hesabu ikipanda, huweka pesa nyingi. Ikishuka, huweka kidogo. Hatazami karata ya mtu wala hana kifaa mfukoni. Anatumia akili yake tu. Mwalimu wa hisabati wa Marekani, Edward Thorp, alieleza kuhesabu karata katika kitabu chake cha 1962. Faida yenyewe ni ndogo, kama shilingi moja katika kila mia, na inataka mtaji mkubwa na subira ndefu.

Basi kasino walifanya nini? Mwaka 1964 kasino za Las Vegas zilibadilisha kanuni za mchezo kuwabana wahesabuji. Wateja wa kawaida wakakasirika na kuondoka, na kanuni za zamani zikarudishwa. Tangu hapo wamejifunza kumlenga mtu mmoja mmoja. Kamera za darini humtazama anavyopandisha na kushusha dau. Mgawa karata huambiwa achange mapema, ili hesabu ya mtu ipotee. Badala ya pakiti moja ya karata huchanganywa sita au nane. Mteja huambiwa aweke dau lile lile kila mara. Mwisho huja bwana mwenye suti, humwambia kwa upole kwamba anakaribishwa kwenye michezo mingine yote, ila si huu. Kwa miaka mingi kampuni ya upelelezi iitwayo Griffin ilikuwa ikiwauzia kasino kitabu cha majina na picha za watu wa namna hiyo, mpaka ikafilisika mwaka 2005 baada ya kushtakiwa na wachezaji kwa kuwachafulia jina.

Mchezaji mmoja, Ken Uston, alikwenda kortini. Mwaka 1982 mahakama ya juu ya jimbo la New Jersey iliamua kwamba kasino haiwezi kumfukuza mtu kwa kosa la kuhesabu tu. Lakini katika jimbo la Nevada, iliko Las Vegas, mwenye kasino bado anaweza kumwonyesha mlango. Tazama ajabu hiyo: kuhesabu kwa kichwa si kosa la jinai, mtu hajaiba, na bado anatolewa nje. Yule aliyelewa na anaweka meza ya mwisho ya mshahara wake huletewa kinywaji cha bure. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake.

Mtu atasema hayo ni ya Marekani, na sisi Tana River hatuna kasino, tuna simu. Kweli. Lakini desturi ni ile ile. Katika kubeti mpira, ambako maarifa husaidia kidogo, kampuni nyingi duniani hupunguza kiwango anachoruhusiwa kuweka mteja anayeshinda mfululizo. Anayeshindwa hapunguziwi. Husukumiwa ujumbe wa bonasi saa tano za usiku.

Na kile kindege? Hapo daftari la kijana wetu halina kazi kabisa. Karata zilizotoka hupunguza zilizobaki, ndiyo sababu kuhesabu kunafaa. Safari ya ndege haipunguzi chochote. Kila raundi huanza upya, haikumbuki ya jana wala ya dakika iliyopita. Hao wanaouza utabiri wake kwenye Telegram wangekuwa wanajua, wangeutumia wenyewe kimya kimya.

Nikamwomba kalamu tufanye hesabu ya kweli. Chukua mchezo unaorudisha shilingi 97 katika kila 100, kiwango ambacho wengi wangekiita cha ukarimu. Ukizungusha shilingi 1,000 mara moja, kwa wastani unabaki na 970. Ukiizungusha yote mara kumi, unabaki na kama 737. Mara ishirini, kama 544. Mara ishirini ni muda wa kunywa chai moja. Akanyamaza.

Sisi Waislamu tulikwisha ambiwa. Sura ya Al-Baqara haikukana kwamba kamari ina manufaa kwa watu, ila imesema dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa. Na Al-Maida imetaja uadui na kusahau Swala. Hakuna mahali imeachiwa nafasi ya mwenye daftari. Lakini vijana wetu wanataka pia kuelezwa kwa hesabu, na maimamu wetu wasiogope kuwaeleza hivyo Ijumaa.

Serikali nayo ina zamu yake. Aprili 2025 bodi ya kamari ilisimamisha matangazo kwa siku 30, na Agosti mwaka huo sheria mpya ya kudhibiti kamari ikatiwa saini. Hayo ni ya Nairobi. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazitaja kamari na kasino pia katika kazi za kaunti. Wawakilishi wetu wa wadi wanaokaa Hola tuwaulize: mmetunga nini kuhusu mashine na vibanda vya kubeti katika miji yetu? Wakija kuomba kura, swali hilo liwe la kwanza.

Gari la Malindi lilipofika nilimwambia kijana neno la mwisho: kama kweli una kichwa cha hesabu, mahali pekee ambapo hawatakufukuza kwa sababu hiyo ni darasani. Pesa za mbuzi wa pili bado zilikuwa kwenye simu yake. Tumeagana kwamba Jumatatu tutakwenda wote chuoni kulipa karo, na risiti nitaisoma kwa macho yangu.