Simu ya nyumbani isiyotoka nyumbani

Mwulize mtoto wa darasa la pili namba ya simu ya mama yake. Wengi watajibu, "Iko kwenye simu." Jibu ni sahihi na ndilo tatizo lenyewe, kwa sababu simu yenye namba hiyo iko kwenye mkoba wa mama, na mama yuko Kariakoo.

Enzi za simu ya mezani hali ilikuwa tofauti, japo familia nyingi hazikuwahi kuwa nayo. Kabla ya kampuni ya simu, TTCL, kuanza kazi mwaka 1994, laini zilikuwa chini ya Shirika la Posta na Simu, na mtu aliweza kusubiri miaka kabla ya kufungiwa laini yake. Waliofanikiwa waliiweka sebuleni juu ya kitambaa cha kudarizi, na wengine waliifunga kufuli ndogo ili wageni wasipige. Ada ya laini ililipwa hata mwezi ambao hakuna aliyepiga.

Hata hivyo simu ile ilikuwa na sifa mbili ambazo simu za leo hazina. Haikuondoka nyumbani, na watoto waliijua namba yake kwa kichwa.

Baadaye simu za mkononi na vocha za kukwangua zikaingia, na simu ya mezani ikaondoka taratibu. Leo nyumba yenye watu wazima wawili inaweza kuwa na simu nne na laini sita. Ikifika saa mbili asubuhi, simu zote nne zimepanda daladala. Nyumbani wanabaki mtoto wa miaka miwili, bibi mwenye presha na dada wa kazi. Pengine dada ana simu yake, pengine ameambiwa asiishike wakati wa kazi, na pengine anayo lakini haina salio.

Mama mmoja mkazi wa Mbagala aliujua ukubwa wa pengo hilo siku mwanawe alipopata degedege saa nne asubuhi. Dada alikuwa na simu isiyo na salio. Alimbeba mtoto akakimbilia kwa jirani, jirani akatoa simu yake kwa moyo wote, lakini dada hakuikumbuka namba ya mama hata tarakimu tatu za mwanzo. Simu yenye namba hiyo aliiacha kitandani alipokuwa akikimbia. Jirani ndiye aliyeita bajaji na kuwapeleka kituo cha afya. Mtoto alipona. Mama alipata habari saa saba mchana, aliporudi kwenye meza yake ya biashara na kukuta simu kumi na moja ambazo hazikupokewa, zote kutoka namba asiyoijua.

Wiki hiyohiyo alinunua kitochi, akaweka laini ya malipo ya kabla na kukiweka kwenye rafu ya sebuleni. Ndiyo simu ya nyumbani sasa.

Wazo hilo ni rahisi na halihitaji fedha nyingi, lakini linaharibika haraka lisiposimamiwa. La kwanza ni aina ya simu. Simu janja haifai kwa kazi hii. Chaji yake huisha kabla ya jioni, watoto wataifanya ya michezo, na yupo mtu ndani ya nyumba atakayeiazima "kidogo tu" aende nayo dukani. Kitochi cha batani hukaa na chaji siku kadhaa, na hilo lina maana kubwa umeme unapokatika. Simu ya mezani ya zamani ilipata umeme wake kupitia waya wa simu, ndiyo maana iliita hata mtaa mzima ukiwa gizani. Kitochi hakina bahati hiyo. Ni vizuri kuwe na siku maalumu ya kukichaji, kwa mfano kila Jumatano na Jumamosi usiku, na awepo mtu mmoja mwenye jukumu hilo. Betri ikianza kuvimba iondolewe mara moja, isirudishwe kwenye chaji.

Vitochi vingi vina nafasi ya laini mbili. Itumike. Kabla ya kuchagua mtandao, mzazi asimame kwenye kona ileile simu itakapokaa na kuangalia mnara unavyosoma. Kuna nyumba ambazo mtandao unashika barazani lakini chumbani haupo, hasa zenye kuta nene au zilizo bondeni. Laini yenye vifurushi vya bei nafuu haisaidii kitu ikiwa dada lazima atoke nje ya geti ndipo ipatikane.

Kuhusu usajili, laini isajiliwe kwa jina la mzazi. Tangu usajili wa alama za vidole ulipoanza mwaka 2019, kila laini imefungwa kwenye namba ya NIDA ya mtu fulani. Familia nyingine huona njia ya mkato ni kutumia kitambulisho cha dada. Akiondoka, laini ni yake, na ikipotea ni yeye tu anayeweza kuirudisha kwa kidole chake. Mzazi anaweza kupiga *106# kuona laini zilizosajiliwa kwa namba yake ya NIDA, na wengi hushangaa kukuta wasizozijua.

Salio ndilo huleta ugomvi. Kifurushi cha siku au cha wiki kinafaa kwa mtu anayepiga kila saa. Simu ya nyumbani inaweza kukaa siku kumi bila kupigiwa mtu, na kifurushi kitakuwa kimekwisha muda siku itakapohitajika. Muda wa maongezi wa kawaida, hata wa Sh1,000, unakaa ukisubiri. Dakika zake ni ghali zaidi ya za kifurushi, ni kweli, lakini hapa hakuna anayenunua dakika nyingi, kinachonunuliwa ni uhakika. Kampuni nyingine zina vifurushi visivyo na ukomo wa muda na hivyo vinafaa pia. Mzazi akiwa kazini anaweza kuingiza salio kwenye laini hiyo kupitia huduma ya fedha ya simu yake mwenyewe, bila kumtuma mtu dukani.

Kisha kuna dada anayepigia kwao. Waajiri wengi hulalamika kwamba salio la simu ya nyumbani limekwisha kwa sababu dada alizungumza na mama yake Iringa dakika kumi. Ni malalamiko madogo. Binti wa miaka 19 aliyeachiwa mtoto wa watu kwa saa kumi na moja kila siku ana haki ya kusikia sauti ya mama yake, na aliyeruhusiwa kuigusa simu hiyo kwa amani ndiye atakayeikimbilia bila woga mtoto akizimia. Aliyewahi kugombezwa kwa sababu ya Sh300 atasita kwanza.

Zipo namba zinazopigwa bila salio, nazo ziandikwe kwa kalamu nene kwenye karatasi na kubandikwa ukutani juu ya simu. Polisi ni 112. Zimamoto na uokoaji ni 114. Namba 115 ni ya usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga chini ya mfumo wa m-mama, ambao Rais Samia Suluhu Hassan aliuzindua kitaifa mwaka 2022. Pale ambapo gari la wagonjwa halipo, mfumo huo hutumia madereva wa jamii waliosajiliwa, hivyo mama mwenye mimba ya miezi minane asiogope kupiga kwa kudhani hospitali ya karibu haina gari. Namba 116 ni ya huduma ya simu kwa mtoto, ambako mtoto mwenyewe anaweza kueleza akipigwa au akifanyiwa ukatili. Wizara ya Afya ina kituo chake cha simu, 199, kwa maswali ya afya.

Karatasi hiyo isiishie hapo. Kwa ukweli wa maisha ya mtaani, msaada wa kwanza kufika mara nyingi ni bajaji ya kijana anayeegesha kona ya barabara. Namba yake iwepo. Iwepo namba ya jirani anayeshinda nyumbani, ya mwenyekiti wa mtaa, na ya kituo cha afya kilicho karibu kama kinayo. Namba za baba na mama zikae juu kabisa. Kwa bibi asiyesoma vizuri, vitochi vingi vinaruhusu kumpa mtu tarakimu moja: akibonyeza 2 na kuishikilia, inamwita mwanawe, na akishikilia 3 inamwita mjukuu mkubwa. Kipande cha plasta chenye rangi juu ya batani kinamsaidia kukumbuka. Mlio uwekwe wa sauti ya juu kabisa, hata kama watu wengine wataona kero.

Tofauti nyingine ya simu ya mezani ni kwamba namba yake ilikuwa na nyumba yake, na kampuni ilijua laini imefungwa wapi. Namba ya mkononi haimwambii anayepokea mpigaji yuko mtaa gani. Kwa hiyo karatasi ya ukutani iwe na anwani pia. Kabla ya sensa ya Agosti 2022, Serikali iliendesha operesheni ya anwani za makazi, barabara zikapewa majina na nyumba zikapewa namba. Ni ajabu namna watu walivyo na kibao mlangoni lakini hawajui kimeandikwa nini. Kiandikwe pale juu ya simu: jina la mtaa, barabara, namba ya nyumba, kisha maelezo ya kibinadamu. "Nyuma ya msikiti, geti la bluu, mwembe mkubwa" humfikisha dereva haraka kuliko namba peke yake.

Mtoto wa miaka mitano au sita anaweza kufundishwa kutumia simu hii. Aanze kwa kujua namba moja ya mzazi kwa kichwa, na wimbo wa kujitungia unasaidia. Halafu afanye mazoezi ya kusema mambo matatu: mimi ni nani, niko wapi, kuna nini. Mazoezi yafanywe kwa kumpigia baba au shangazi. Namba za dharura zisichezewe, kwa sababu kila simu ya utani inachukua nafasi ya mgonjwa. Afundishwe pia kutomwambia mtu asiyemjua kwamba mama hayupo. "Mama anaoga, nikuitie nani?" inatosha.

Matapeli nao wana namba. Ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" utafika kwenye simu ya nyumbani kama unavyofika kwingine, na simu ya mtu anayejiita mwalimu, akisema mtoto ameanguka shuleni na fedha za hospitali zinatakiwa haraka, itapokewa siku moja na bibi aliye peke yake. Kinga nzuri ni kutoweka fedha kabisa kwenye laini hiyo na bibi kutokuwa na namba ya siri yoyote ya kutaja. Akipigiwa, akate, abonyeze 2. Ujumbe wa kitapeli hutumwa kwenda 15040, huduma iliyowekwa kwa ajili ya kuripoti.

Simu haitibu, na kuna dakika ambazo lazima aliyeko nyumbani afanye kitu kabla msaada haujafika. Nafasi iliyobaki kwenye karatasi itoshe maneno machache. Mtoto mwenye degedege alazwe ubavu, asiwekewe kijiko wala kidole mdomoni, saa iangaliwe, na afikishwe kituo cha afya hata likikoma, kwa sababu homa na degedege katika nchi yenye malaria si jambo la kusubiri jioni. Aliyeungua amwagiwe maji ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Asipakwe dawa ya meno, mafuta wala yai. Aliyekunywa mafuta ya taa asitapishwe na asipewe maziwa, apelekwe hospitali moja kwa moja, kwa kuwa yakirudi juu yanaweza kuingia kwenye mapafu.

Namba ya nyumbani ikishatulia, ijazwe kwenye fomu ya shule kama namba ya tatu na kwenye kadi ya kliniki ya mtoto. Walimu wanajua adha ya kumpigia mzazi aliye kwenye kikao na mwenzake aliyebadilisha laini mwezi uliopita.

Na laini ipigwe mara kwa mara, kwa sababu isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa na kampuni, na namba yake baadaye inaweza kuuzwa kwa mtu mwingine. Dakika kumi za dada na mama yake kila Jumapili zinaitunza vizuri tu.